Je, Wajua? Kalamu ya Butiama katika Dunia za Wengine

JE, WAJUA kwamba kuna waandishi ambao riziki yao ni kuandika riwaya ndani ya dunia zilizobuniwa na watu wengine? Kampuni ya filamu inamwita mwandishi na kumkabidhi kila kitu kikiwa tayari: shujaa, adui, chombo cha angani na hata mwisho wa kisa. Kazi yake ni kuleta maneno. Riwaya ya Star Wars ilitoka mwishoni mwa 1976, miezi kadhaa kabla ya filamu yenyewe kuonyeshwa Mei 1977. Jina lililoandikwa jaladani ni George Lucas. Aliyeshika kalamu ni Alan Dean Foster.

JE, WAJUA kwamba Foster huyohuyo alijitokeza hadharani Novemba 2020 kuilalamikia Disney kwamba halipwi mrabaha wa baadhi ya vitabu vyake vya zamani, na chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi cha Marekani kikasimama upande wake? Ukiona mwandishi amezoea kuazima dunia za watu, usidhani ameazima na ulimi.

JE, WAJUA kwamba mwandishi mmoja wa vitabu vya aina hiyo alimpa mwanamke wa angani jina la Kiswahili? Luteni Uhura wa Star Trek alionekana kwenye televisheni kuanzia 1966 bila jina la kwanza. Mwaka 1982 William Rotsler, katika kitabu chake cha wasifu wa wahusika wa mfululizo huo, akamwita Nyota. Wapenzi wa hadithi wakalishika jina, waandishi wa riwaya wakalitumia, na filamu yenyewe ikalitamka mwaka 2009. Miaka 27 jina liliishi vitabuni tu.

Haya, tutoke angani tushuke Mara.

JE, WAJUA kwamba mwandishi anayejulikana kuliko wote waliotoka mkoa huu naye aliingia katika dunia za wengine, tena akiwa na kazi nyingine ya kutwa nzima, yaani urais? Julius Kambarage Nyerere wa Butiama aliingia Roma na Venisi za Shakespeare, na uzeeni akaingia Galilaya ya Injili. Pembeni mwa kazi hiyo alikuwa mhakiki mwenye maneno ya moto. Aliwahakiki wakoloni na wateule wake, akakihakiki chama chake, na mara kadhaa akajihakiki mwenyewe. Tumezoea kumwimba kama Baba wa Taifa hadi tumesahau kumsoma. Safu hii leo inamwangalia kama mtu wa kalamu.

JE, WAJUA kwamba alipoingia Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alikuwa na umri wa miaka 12 na lugha aliyoijua ni Kizanaki? Kiswahili alikikuta shuleni. Mtu aliyekuja kumfanya Bruto wa Shakespeare azungumze Kiswahili alijifunza lugha hiyo bwenini, kama watoto wengi wa Mara wa zama zake, wakiwemo Wajita, Wakurya na Waikizu, kila mmoja akiwa ameacha lugha ya mama nyumbani.

JE, WAJUA kwamba jina Julius alilipata akiwa mtu mzima? Alibatizwa Desemba 1943 katika misheni ya Nyegina, nje kidogo ya Musoma. Miaka 20 baadaye jina hilo lilikaa mara mbili kwenye jalada moja, la mfasiri na la mhusika wa tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri.

JE, WAJUA kwamba kabla hata ya ubatizo alikuwa ameshaanza kuwaandikia wahariri? Julai 1943, akiwa mwanafunzi wa Makerere, barua yake ilichapishwa katika gazeti la Tanganyika Standard. Alidai humo kwamba ubepari ni mgeni Afrika. Alikuwa na miaka 21. Hukohuko Makerere aliandika insha kuhusu uhuru wa wanawake, akichukua hoja za Mwingereza John Stuart Mill na kuipimia nazo jamii yake mwenyewe ya Wazanaki. Kumbuka kwamba baba yake, Mtemi Burito, alikuwa na wake 22, na mama yake Kambarage, Bi Mgaya, alikuwa mke wa tano. Kijana hakulazimika kutafuta mfano mbali.

JE, WAJUA kwamba akiwa Edinburgh, alikosoma kuanzia 1949 hadi 1952, aliandika makala ndefu kuhusu ubaguzi wa rangi Afrika Mashariki, na Wafabiani, wajamaa wa London aliowapelekea, hawakuichapisha? Wasomaji waliipata kitabuni mwaka 1966, mwandishi akiwa Rais. Vijana wenye miswada iliyokataliwa wajifariji kwa hilo, ingawa njia aliyopita mwenzao ni ndefu kidogo.

JE, WAJUA kwamba kazi ya kutafsiri aliifanya Mara kabla ya kuifanya Ikulu? Machi 1955 alihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Aliporudi aliacha kazi ya ualimu Pugu na kurejea kwao. Kwa miezi kadhaa akawa anamfundisha Kizanaki padre Mmarekani wa shirika la Maryknoll, Arthur Wille, na kumsaidia kutafsiri katekisimu na sehemu za Maandiko katika lugha hiyo. Fikiria kazi yenyewe. Kizanaki hakikuwa na kamusi ya kukimbilia, na kila neno la teolojia lilipaswa kupatikana katika lugha ya watu wa ng'ombe, mtama na mvua. Mimi naamini mfasiri wa Shakespeare alizaliwa katika miezi ile, ingawa waandishi wa wasifu wake huipita kwa sentensi moja wakikimbilia mikutano ya chama chake, TANU.

JE, WAJUA kwamba aliwahi kutiwa hatiani mahakamani kwa sababu ya makala? Mwaka 1958, katika Sauti ya TANU, jarida la kurasa chache lililochapwa kwa mashine ya kurudufu, aliandika kwa ukali juu ya maofisa wa wilaya wa Kiingereza walioonea wananchi. Serikali ikamshitaki kwa kashfa. Wakili wake alikuwa D. N. Pritt, Mwingereza aliyemtetea pia Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Hukumu ikawa faini ya pauni 150, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au kifungo cha miezi 6. Wapo waliotaka aende jela, kwa sababu jela ilikuwa cheti cha heshima kwa wapigania uhuru wa enzi ile. Akalipa faini. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na mtu aliye ndani hafanyi kampeni.

JE, WAJUA kwamba alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, siku chache tu baada ya uhuru kutimiza mwezi mmoja, akarudi kujenga chama, na kwamba mwaka huo ulikuwa wa maandishi mengi? Kijitabu Ujamaa ndicho kinachotajwa sana. Mimi nakichagua kingine cha mwaka huohuo, Tujisahihishe. Ni kijitabu chembamba, hakina takwimu wala nukuu za wanafalsafa, na kinawasema wana TANU kama mzazi anayesema na watoto wake mlango ukiwa umefungwa. Anakemea ubinafsi, anakemea unafiki, na anakemea tabia ya kuipima hoja kwa kumtazama aliyeitoa. Chama kilikuwa kimeshinda kila kitu. Kiongozi wake akaona huo ndio wakati wa kukiambia makosa yake. Kama kuna insha ya Kiswahili ya karne iliyopita inayostahili kuchapishwa upya kila baada ya uchaguzi, basi ni hiyo.

Sasa Shakespeare.

JE, WAJUA kwamba Nyerere hakuwa wa kwanza kumleta Shakespeare kwa Waswahili? Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, alichapisha Zanzibar mwaka 1867 Hadithi za Kiingereza, masimulizi manne kutoka kitabu cha Charles na Mary Lamb, ambao walizigeuza tamthilia za Shakespeare kuwa hadithi za watoto. Basi Waswahili walipata kwanza muhtasari wa muhtasari. Tamthilia nzima, mstari kwa mstari, ilisubiri hadi 1963.

JE, WAJUA kwamba mwaka 1963, tafsiri yake ya Juliasi Kaizari ilipotoka kwa Oxford University Press, ulianza kwa kuuawa kwa Rais wa Togo, Sylvanus Olympio, Januari 13? Kisa cha kiongozi kuuawa na watu wa nchi yake hakikuwa cha Roma ya kale tena. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, na mfasiri mwenyewe akalazimika kujificha kwa muda. Hakuna anayeweza kudai kwamba alitabiri. Lakini ni vigumu kuisoma hotuba ya Antonio kwa Kiswahili cha Nyerere bila kukumbuka kwamba aliyeipanga alijua kwa vitendo jinsi umati unavyogeuzwa kwa maneno.

JE, WAJUA kwamba katika tafsiri ile aliandika mistari isiyo na vina? Hapa panahitaji kukaa kidogo. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na washairi wa jadi wakapandisha mori. Vita vile vilienda kwa miaka, kila upande ukiitana majina. Ajabu ni kwamba miaka 11 kabla yake, Rais wa nchi alikuwa ametoa kitabu kizima chenye mistari isiyo na vina, na hakuna aliyelia kwamba ushairi wa Kiswahili umekufa. Pengine ni kwa sababu ilikuwa tamthilia. Pengine ni kwa sababu alikuwa Rais. Ndilo kosa lenyewe alilolikemea katika Tujisahihishe, la kupima kisemwacho kwa kumtazama msemaji.

JE, WAJUA kwamba toleo la kwanza liliandika jina la mhusika Julius Caezar, na toleo la 1969 ndilo lililotupa Juliasi Kaizari? Alirudi kuirekebisha kazi yake akiwa na nchi ya kuongoza. Waandishi wengi wasio na nchi ya kuongoza hawarudii rasimu ya pili.

JE, WAJUA kwamba mwaka huohuo wa 1969 alitoa Mabepari wa Venisi? Katika Kiingereza mfanyabiashara anayetajwa na jina la tamthilia ni mmoja, tena kwa kawaida huchukuliwa kuwa ni Antonio, mtu mwema. Nyerere akawafanya wengi, akawaita mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, tamko la ujamaa. Wasomi wameligeuza jina hilo kila upande. Kwangu mimi, huyo ni mhakiki aliyejipenyeza ndani ya tafsiri: kabla pazia halijafunguliwa, amekwisha kukuambia anawaonaje watu wa pande zote mbili za deni la tamthilia hiyo, siyo mkopeshaji Shailoki peke yake.

JE, WAJUA kwamba hakuwa peke yake? Samuel Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Ndani ya miaka saba Tanzania ilipata tamthilia nne za Shakespeare kwa Kiswahili. Hadi leo kasi hiyo haijarudi.

JE, WAJUA kwamba Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kejeli ya George Orwell kuhusu mapinduzi yanayoliwa na wakubwa wake, ilitoka mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha? Ilichapwa Nairobi, ikasomwa Tanzania. Hapo sina la kuongeza.

JE, WAJUA kwamba Rais Nyerere aliwahi kuwa mhariri mkuu wa gazeti? Serikali ilipotaifisha The Standard Februari 1970, yeye ndiye aliyewekwa kisheria kuwa mhariri mkuu, na akaandika mwongozo unaoliruhusu gazeti kuikosoa serikali. Kazi ya kila siku alipewa Frene Ginwala, mwanachama wa ANC ya Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni. Ginwala aliuamini mwongozo. Mwaka 1971 gazeti likatoa tahariri kali dhidi ya mauaji ya wapinzani wa Rais Nimeiri wa Sudan, naye akaondolewa. Mhakiki mkubwa wa nchi alikuwa na mpaka wa uhakiki, na mpaka wenyewe ulikuwa Khartoum. Mwaka 1994 Ginwala akawa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini huru.

JE, WAJUA kwamba Azimio la Musoma halikuhusu samaki wala ziwa? Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangiwa 1989, ifikiwe mwaka 1977. Wahitimu wa kidato cha sita nao wakaambiwa wakafanye kazi kwanza kabla ya chuo kikuu. Shule zikajaa, walimu wakatafutwa hata kati ya vijana waliomaliza darasa la saba. Lakini kwa watu wa vitabu, azimio lile lilizalisha kitu ambacho Shakespeare wa Kiswahili alikuwa anakikosa, nacho ni wasomaji.

JE, WAJUA kwamba mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka 10, aliandika tathmini iliyosema wazi kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa na wala haijajitegemea? Viongozi wengi huadhimisha miaka 10 kwa gwaride. Yeye aliorodhesha mapungufu, yakiwemo matumizi ya serikali yaliyovimba. Unaweza kubishana na sera zake hadi jogoo awike, na wapo waliopoteza mashamba na nyumba katika operesheni za kuwahamishia watu vijiji vya ujamaa ambao wana kila haki ya kubishana. Ila huwezi kusema kwamba hakuisoma kazi yake mwenyewe.

JE, WAJUA kwamba mhakiki mwingine mkubwa wa vijiji hivyo alikuwa jirani? Ukitoka Bunda mjini ukashika barabara ya kuelekea ziwani, unafika Kisorya, unapanda kivuko, unashukia Rugezi, Ukerewe. Kisiwa hicho ndiko alikozaliwa Kezilahabi, katika kijiji cha Namagondo. Riwaya yake ya 1971, Rosa Mistika, ilizuiwa shuleni kwa madai ya kukosa adabu, kisha baadaye shule zilezile zikaifundisha. Ya 1979, Gamba la Nyoka, ilionyesha vijiji vya ujamaa kutoka chini, kwa macho ya wanaohamishwa. Kisha mwandishi akahama hata kutoka kwenye uhalisia. Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991 zinampeleka msomaji katika dunia iliyovunjika, isiyo na ramani wala kalenda, na zinamwacha humo ajitafutie njia. Mwanafunzi anayezishika akitegemea kisa cha kawaida hutoka akiwa amekasirika. Ukitafuta Mtanzania aliyekuwa mwandishi wa riwaya za ajabu na papo hapo mhakiki, huyu anakaribia kuliko wote: shahada yake ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Wisconsin, 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi.

JE, WAJUA kwamba Kezilahabi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944, na Nyerere tarehe 13 Aprili 1922? Siku moja, miaka 22 kati yao, na maji ya Ziwa Nyanza katikati.

JE, WAJUA kwamba Ukerewe hiyohiyo ilikuwa na Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa 1980? Miaka 35. Ukilalamika kwamba mchapishaji wako anachelewa, mtaje Kitereza kwanza.

JE, WAJUA kwamba hadithi za kisayansi zenyewe, zenye roketi na sayari, zipo katika Kiswahili? Katama Mkangi wa Ribe, pwani ya Kenya, alitoa Walenisi mwaka 1995. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha kurushwa angani ambacho hakuna aliyewahi kurudi nacho, na badala ya kufa anafika katika nchi nyingine yenye utaratibu mwingine wa kuishi. Mkangi alijua anachokisema kuhusu hukumu: alikuwa mhadhiri wa sosholojia aliyewekwa kizuizini bila kufunguliwa kesi mwaka 1986, katika utawala wa Moi. Mwaka 1997 akagombea urais wa Kenya. Alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 2004. Kwa mwandishi mkali wa hadithi za kisayansi katika lugha yetu, simjui anayemzidi, na inasikitisha kwamba wasomaji wengi wa upande huu wa mpaka wamelisikia zaidi jina la Mafuta, riwaya yake ya 1984, kuliko hii.

JE, WAJUA kwamba filamu fupi Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya 2009, inatokea miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vita vya maji? Kwa mtu aliyekulia kando ya Nyanza, hiyo inatisha kuliko roketi.

Turudi Butiama, ambako mzee amestaafu.

JE, WAJUA kwamba bosi wa Manmohan Singh, kabla Singh hajawa Waziri Mkuu wa India, alikuwa mkulima wa Butiama? Nyerere aliongoza Tume ya Kusini kuanzia 1987 hadi 1990, na Katibu Mkuu wa tume hiyo, kule Geneva, alikuwa Singh. Ripoti yao ilitoka kama kitabu mwaka 1990.

JE, WAJUA kwamba alipokuwa na muda wake mwenyewe, mtu wa mistari isiyo na vina alihamia kwenye utenzi, umbo lenye sheria kali? Mwaka 1996 Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho walichapisha Tenzi za Biblia, juzuu tano: Injili nne na Matendo ya Mitume. Beti baada ya beti, mizani nane kila mshororo, kina cha mwisho hakibadiliki kutoka mwanzo hadi mwisho. Hilo ni umbo la Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, umbo la washairi Waislamu wa pwani waliosimulia habari za Mtume na vita vyake. Mkatoliki wa Butiama, aliyejifunza Kiswahili bwenini, akalichukua akaimbia habari za Yesu. Sijui kwa nini mitaala yetu inamkumbuka kwa Shailoki na kumsahau kwa hili. Utenzi mrefu una hatari ya kuchosha, na wa Nyerere huchosha mahali fulani, hasa kwenye orodha za majina. Ila penye mabishano, Yesu akiwajibu Mafarisayo, unaamka mara moja. Mzee alipenda sana watu wanaojibizana.

JE, WAJUA kwamba kitabu chake kikali kuliko vyote hakikuchapwa Tanzania? Mwaka 1993 wabunge 55, waliojulikana kama G55, walipeleka bungeni hoja ya kuunda Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Mzee akaandika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, na kikatoka Harare, kwa Zimbabwe Publishing House. Hakuzunguka mbuyu. Aliwataja Waziri Mkuu, John Malecela, na Katibu Mkuu wa chama tawala, CCM, Horace Kolimba, akaeleza jinsi alivyoamini kwamba wamemshauri vibaya Rais Mwinyi, na akataka wawajibike. Hicho ni kitabu cha mtu aliyestaafu, asiye na cheo, kinachowasema walio madarakani katika chama alichokianzisha. Desemba 1994 Malecela alikuwa ameondoka katika nafasi ya Waziri Mkuu, na Cleopa Msuya amechukua kiti. Ni wahakiki wangapi wa vitabu wanaoweza kujivunia matokeo ya namna hiyo?

JE, WAJUA kwamba aliyeongoza Tume iliyopendekeza serikali tatu, pendekezo ambalo kitabu hicho kilipigana nalo, naye ni mtu wa Mara? Joseph Sinde Warioba, mzaliwa wa Bunda, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Baadaye akaongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba, na rasimu zake za 2013 zikaleta muundo wa serikali tatu. Katika mjadala wa Bunge Maalumu la Katiba, 2014, wapinzani wa rasimu walimnukuu Mwalimu Nyerere dhidi ya Warioba, na watetezi wa rasimu wakamnukuu Mwalimu pia, kutoka kurasa nyingine. Butiama na Bunda zilibishana Dodoma, mmoja wao akiwa marehemu wa miaka 15. Mjadala uliishia katika rasimu nyingine yenye serikali mbili, na kura ya maoni iliyopangwa haikufanyika.

JE, WAJUA kwamba hotuba yake kwa waandishi wa habari, Dar es Salaam, Machi 1995, ilikuja kuwa kitabu kiitwacho Nyufa? Alizungumza kwa kicheko kingi. Wachache kati ya waliotajwa waliweza kucheka.

JE, WAJUA kwamba makumbusho yake, Butiama, yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka aliofariki? Alifia London, Oktoba 14, na akazikwa nyumbani, Mwitongo. Ukienda, usiishie kwenye kaburi na zawadi za marais. Uliza kuhusu maandishi.

JE, WAJUA kwamba tuzo ya taifa ya uandishi bunifu ina jina lake, na ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023? Tarehe hiyo ni siku yake ya kuzaliwa. Ni ya Kezilahabi pia, lakini hilo kwenye ratiba halikuandikwa.

JE, WAJUA kwamba Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, na kwamba kwa taratibu za Kanisa maandishi ya mtu wa namna hiyo yaliyochapishwa lazima yasomwe na wanateolojia, kuangalia kama yana jambo linalopingana na imani na maadili? Vigezo vyao havigusi vina wala mizani. Basi kuna watu ambao wajibu wao ni kupitia Tenzi za Biblia, Juliasi Kaizari, Tujisahihishe na kile kitabu cha Harare, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na yale yote aliyomwambia Malecela.